Kuchagua bolijointi za kudumu kwa Prado na Surf za zamani: kwa mafundi mnaoanza

Swali ambalo wateja huuliza kuliko yote ni hili: "Fundi, chapa gani inadumu?" Wewe unayeanza kazi utatamani kulijibu haraka, kwa sababu jina la chapa ni rahisi kukariri. Nakuomba usianzie hapo. Anza kwa kujua bolijointi ipi, yaani kile kiungo cha gololi ndani ya kikombe kinacholiacha gurudumu ligeuke na kupanda na kushuka, kwenye gari lililo mbele yako ndiyo inayobeba uzito, na kama uzito huo unaikandamiza au unaivuta. Ukilijua hilo utaingia dukani ukiwa umeshafanya nusu ya uamuzi. Utajua pia mahali ambapo mteja anaweza kubana pesa na mahali ambapo hapaswi kuthubutu.

Magari ya fo-wili ya zamani yanayoingia gereji zetu ni ya namna mbili kwa upande wa mbele. Kuna yenye ekseli nzima: Land Cruiser HZJ75, 78 na 79, Nissan Patrol Y60 na Y61, na Land Rover Defender. Haya hayana bolijointi zinazobeba gurudumu la mbele. Gurudumu linageukia kwenye kingipini, yaani pini nene, juu na chini, ndani ya lile bakuli kubwa la ekseli. Mteja akija na hardtop inayogonga mbele akasema anataka bolijointi, mweleze kwa heshima kwamba mtaangalia beringi za kingipini, tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) na bushi. Defender ina jambo lake la pekee: juu ya difu ya nyuma, pale mikono miwili inapokutana kwa umbo la herufi A, kuna bolijointi moja kubwa. Wengi hawajui kwamba ipo. Ikichoka, gari hugonga na kuyumba nyuma kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, na watu hubadilisha shokapu na bushi zote bila kuligusa tatizo lenyewe.

Namna ya pili ni magari ambayo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, likishikwa na wishiboni, yaani mkono wa chuma unaotoka kwenye chesisi, ya juu na ya chini. Humo ndimo zilimo Prado ya mfululizo wa 90, ile iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, na Hilux Surf ya 185 iliyoenda nayo sambamba. Nitakaa zaidi kwenye hizi mbili, kwa kuwa zimejaa barabarani kwetu, umri wake sasa ni mkubwa, na bolijointi yake ya chini ina tabia ambayo fundi mgeni lazima aielewe kabla hajaigusa.

Lala chini ya Prado 95, mojawapo ya hizo za mfululizo wa 90, uangalie. Kikombe cha bolijointi ya chini kimefungwa kwenye nakoli, kile chuma kinachobeba haba, kwa bolti nne. Shina lake linaelekea chini na kuingia kwenye wishiboni ya chini, halafu nati inalikaza kwa upande wa chini. Springi nayo imekalia wishiboni hiyohiyo na kuisukuma kuelekea ardhini, wakati ardhi inalisukuma gurudumu juu. Tazama nguvu hizo mbili zinakutana wapi. Muda wote, gari likiwa limesimama au likitembea, uzito wa mbele unalivuta shina litoke ndani ya kikombe. Bolijointi haijakaliwa na uzito, imening'inizwa uzito.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa kazi yako. Kwenye gari ambalo uzito unaikandamiza bolijointi, gololi inapolika huzama zaidi ndani ya kikombe chake. Hugonga, hulia, usukani huzurura, na dereva hupata siku nyingi za kuonywa. Kwenye Prado 90 na Surf 185, gololi inapolika inasogea kuelekea kwenye mdomo wa kikombe. Uzito unaivuta kwa nguvu kiasi kwamba haina nafasi ya kugonga, kwa hiyo gari linaweza kuwa kimya hadi siku shina linapochomoka. Mara nyingi hutokea kwa mwendo mdogo, usukani ukiwa umekatwa sana, kama wakati wa kurudi nyuma au kuingia kwenye maegesho. Gurudumu linalala, wishiboni inagusa ardhi, hozi ya breki inavutwa, draivu shafti inachomoka au kuvunjika, na mudigadi unakunjika. Hiyo ndiyo ajali nafuu. Kitu hichohicho kikitokea kwenye mteremko, hakuna dereva wa kukisimamia.

Kuna jambo jingine kwenye gari hizi: mkono unaoshikwa na tairodi ni sehemu ya bolijointi hiyo hiyo ya chini. Ndiyo maana kipande ni kizito, cha kushoto si sawa na cha kulia, na bei yake inawashtua wateja waliozoea bolijointi ndogo za magari ya saluni. Waeleze kwamba kipande kimoja kinashika uzito wa kona ya gari na kuelekeza gurudumu pia.

Gari jingine likija, fuata springi. Mkono ulioshikwa na springi au tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota na kufanya kazi ya springi) ndio wenye bolijointi inayobeba. Hilux na 4Runner za miaka ya 1986 hadi 1995 zilizouzwa Marekani zikiwa na wishiboni mbele zina tosheni baa iliyoshika wishiboni ya juu, kwa hiyo ya juu ndiyo inayobeba na ya chini inafuata tu. Usikariri gari kwa gari. Lala chini, angalia springi imeshika nini, kisha jiulize shina linasukumwa au linavutwa.

Sasa tuje kwenye uimara. Bolijointi ina vitu vinne tu vya maana: gololi na shina lake, kikombe, kitanda laini kilicho kati ya gololi na kikombe, na mpira wa kuzuia vumbi. Watu hutazama unene wa chuma. Unene una nafasi yake, lakini bolijointi nyingi ninazozitoa hazikufa kwa chuma kuvunjika. Zilikufa kwa sababu gololi ilikwaruzika na kitanda chake kikasagika.

Mfano mzuri ni wa mwaka 2005, Toyota ilipoyaita magari yake mengi nchini Marekani, zikiwemo Tacoma za 2001 hadi 2004, ambazo mbele yake zinafanana kwa muundo na Surf ya 185. Sababu ilikuwa mikwaruzo kwenye uso wa gololi ya bolijointi iliyotokea wakati wa kutengenezwa. Mkwaruzo mdogo ulitosha kukila kitanda, kulegeza gololi, na mwishowe kuifanya iweze kuchomoka. Kama kipande kilichotoka kiwandani kwa vipimo sahihi kinaweza kuharibiwa na mkwaruzo, fikiria kipande cha bei ya chini ambacho gololi yake haikusuguliwa vizuri tangu mwanzo. Huwezi kuiona gololi dukani, imefichwa. Kwa hiyo unanunua uaminifu wa mtengenezaji juu ya kitu usichokiona, na hapo ndipo chapa inapopata maana yake.

Kwa bolijointi ya chini ya Prado 90 na Surf 185, ushauri wangu haubadiliki: chukua ya Toyota yenyewe, na kama mfuko umegoma, chukua 555 halisi ya Sankei kutoka Japani. Hapo nimeweka mstari. Ziko chapa nyingine nzuri za Korea na Japani ambazo nazifunga bila wasiwasi kwenye bolijointi ya juu au kwenye tairodi, lakini kwenye kipande kinachovutwa na uzito wa gari sikubali jina ambalo sijaliona likimaliza miaka kwenye barabara zetu. Mteja akiwa na pesa ya seti moja tu ya gharama, pesa hiyo iende chini. Ya juu kwenye gari hizi ina kazi nyepesi zaidi.

Tatizo ni kwamba jina linaloheshimika ndilo linaloigwa. Ukienda Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, au soko la Kisekka, Kampala, utaletewa boksi lenye maandishi sahihi na ndani kuna kitu kingine. Boksi lisikutawale. Toa kipande, kishike. Alama ya mtengenezaji iwe imepigwa au kufuliwa kwenye chuma chenyewe, kwa herufi zilizo safi. Chuma kisiwe na vishimo vya kumwagwa wala kingo ambazo hazikusafishwa. Nyuzi za shina ziwe kali na safi, nati iwe ya kufungwa kwa koti pini, na koti pini iwemo. Linganisha namba ya kipande na namba ya chesisi ya gari, kwa maana "ya Prado" si maelezo ya kutosha. KZJ95, ambayo ni Prado 95, na Prado ya 120 iliyokuja baada yake hazitumii kipande kimoja. Hakikisha pia umepewa ya kushoto na ya kulia. Nimeona watu wakirudi na mbili za upande mmoja, na muuzaji haipokei tena ikishapakwa mafuta.

Kisha ligeuze shina kwa vidole. Bolijointi mpya ya namna hii inapaswa kuwa ngumu kuzunguka, lakini ugumu wake uwe sawa kila upande, bila kukwama na bila kuruka. Inayoyumba ovyo kwa uzito wake yenyewe, irudishe. Inayokwaruza unapoizungusha, irudishe pia. Vitabu vya ufundi vya Toyota vina utaratibu wake: lipeleke shina huku na huku mara tano, funga nati juu yake, izungushe taratibu bila kusimama kwa kasi ya mzunguko mmoja kila sekunde mbili hadi nne, na usome mkazo kwenye mzunguko wa tano. Dukani huna kifaa cha kusoma mkazo huo. Lakini ukizoea kuzungusha bolijointi nyingi nzuri, mkono wako utajifunza.

Mpira ndio wa kutazama kwa makini kuliko vyote, na ndio wanaoanza huupuuza. Ubonyeze. Uwe mnene, laini, unaorudi haraka, na ushikwe kwa pete juu na chini. Uvute kidogo kwenye mikunjo yake utafute nyufa. Mpira hufa hata kabla ya kufungwa kwenye gari, kama kipande kimekaa miaka dirishani kikipigwa jua. Hata bolijointi halisi yenye mpira mkavu siichukui, kwa sababu mpira ukipasuka msimu wa kwanza wa mvua, chuma chote kizuri kilichobaki hakisaidii kitu.

Hapa kwetu vumbi lina nguvu ya pekee. Anayefanya kazi Arusha anaijua barabara ya kutoka Ngorongoro kuteremka kwenda Naabi Hill: mawimbi ya ardhi kilomita baada ya kilomita, na vumbi laini linaloingia kila mahali. Kila wimbi ni pigo dogo kwenye bolijointi, na mapigo ni maelfu kwa siku. Vumbi likipata tundu la sindano kwenye mpira, linachanganyika na grisi na kuwa kitu cha kusagia. Mvua ikija, maji yanaingia kwa njia ileile, gololi inaota kutu, na kutu inaikwaruza. Ndiyo maana napenda kuitazama mipira kabla ya safari ndefu na baada yake, bila kusubiri kilomita za sevisi.

Mabishano makubwa kati ya mafundi ni bolijointi iliyofungwa kabisa dhidi ya ile yenye nipo ya grisi. Iliyofungwa, kama inavyotoka Toyota, ina kitanda cha plastiki ngumu iliyobanwa vizuri kwenye gololi, na grisi yake ni ya maisha yake yote. Haitaki chochote kwako isipokuwa kulinda mpira wake. Yenye nipo hukuruhusu kusukuma grisi mpya na kutoa uchafu, na baadhi yake zina kitanda cha chuma kinachovumilia mapigo, ila zinahitaji kupigwa grisi kwa ratiba isiyokatika. Ikisahaulika, chuma kinasaga chuma. Jiulize nani atalitunza gari. Kampuni yenye gereji yake, fundi wake na bunduki ya grisi inayotumika kila wiki inaweza kufaidika na nipo. Mtu binafsi anayekuja gereji gari likilia, mpe iliyofungwa.

Na ukipiga grisi, piga polepole. Tumia grisi ya lithiamu namba 2 ya kazi nzito, futa nipo kwanza ili usisukume mchanga ndani, na uache mara mpira unapoanza kuvimba. Kuna vijana hupiga hadi grisi itokee pembeni wakidhani ndiyo ishara ya kushiba. Kwenye mpira usio na njia ya kutolea, grisi hiyo imepita mahali ulipopasua.

Kuna mambo mawili ninayoyakataa kabisa, hata mteja akiniomba. La kwanza ni bolijointi ya mtumba. Wishiboni ya mtumba naifunga, nakoli ya mtumba naifunga, lakini bolijointi iliyotolewa kwenye gari la umri uleule ina uchakavu uleule usioonekana. La pili ni bolijointi iliyofufuliwa: ile inayofunguliwa, ikajazwa nailoni au kuchomelewa kifuniko na kugongwa ili ibane. Ikitoka hapo inakuwa ngumu mkononi na mteja anafurahi. Moto wa kuchomelea umeshaharibu ugumu wa chuma na kitanda kilichokuwemo, na hakuna aliyepima kama mdomo wa kikombe bado unaweza kuishika gololi chini ya uzito. Kwenye gari linaloning'iniza uzito wake hapo, kazi hiyo isifanyike.

Kabla ya kumwambia mteja anunue, pima vizuri. Kwenye Prado na Surf, weka jeki chini ya wishiboni ya chini, karibu na bolijointi, uinue hadi tairi liachane na ardhi, kisha weka stendi. Ukiinua kwenye chesisi, mvutano wa springi na shokapu unaweza kukuficha ukweli. Pitisha mtaimbo chini ya tairi, uinue na kushusha taratibu huku mwenzako akitazama bolijointi kwa tochi. Asitazame tairi, atazame kama nakoli inasogea mbali na wishiboni. Kiasi kinachoruhusiwa kiko kwenye kitabu cha gari na ni kidogo sana, kwa hiyo tumia saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha kusogea kudogo, kama gereji ina moja. Kwangu mimi, jicho likiona kusogea kwenye bolijointi inayovutwa, gari halitoki likiwa nayo.

Shika pia tairi juu kabisa na chini kabisa, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kucheza kukiisha, beringi ya haba ndiyo imelegea. Kukibaki, tatizo ni bolijointi. Likicheza unapolishika kushoto na kulia, anza kwa kukagua tairodi na raki ya usukani. Jaribio hili dogo limewaokoa wateja wengi wasinunue kitu ambacho hakikuwa kimekufa.

Lakini kumbuka nilichosema kuhusu ukimya. Kwa gari hizi mbili sisubiri kucheza. Mpira uliopasuka unatosha kunifanya niiondoe, hata kama bolijointi ni ngumu mkononi, kwa sababu sijui umepasuka tangu lini. Mteja akinunua Prado 95 bila historia ya matengenezo, namshauri afunge mpya pande zote mbili na kuandika kilomita. Gari likiishi kwenye vumbi, napendekeza zibadilishwe kabla ya kufika kilomita laki moja tangu zilipofungwa, ziwe zinacheza au hazichezi. Najua ni gharama. Mbadala wake umeshausoma hapo juu.

Kufunga kubaya huua bolijointi nzuri, na hapa wanaoanza wana nafasi ya kufanya kazi bora kuliko wakongwe waliozoea njia za mkato. Toa ya zamani kwa pula. Ule uma wa chuma unaopigwa nyundo unafaa pale tu kipande kinapotupwa, maana unachana mpira mara moja, na ukiteleza unachana mpira wa tairodi nzima iliyo jirani. Usining'inize kalipa kwa hozi ya breki, ifunge kwa waya.

Shina lina shingo iliyochongwa kupungua unene, na tundu la wishiboni limechongwa kwa pembe hiyohiyo. Nyuso hizo mbili zinapaswa kukutana zikiwa safi na kavu, bila grisi. Kabla ya kukaza, paka wino wa kalamu kwenye shingo, ingiza, zungusha, toa, uangalie mahali wino ulipofutika. Ukifutika kuzunguka shingo, mmekutana vizuri. Ukifutika kwenye ukingo mmoja tu, ama tundu limelika kwa sababu nati iliwahi kulegea, ama kipande si cha gari hilo. Tundu lililolika halitengenezwi kwa kukaza zaidi. Badilisha wishiboni.

Bolti nne zinazoshika kikombe kwenye nakoli ziwe mpya na za daraja sahihi. Zimevutwa miaka mingi na zimekula kutu. Usichukue bolti yoyote inayoingia kwenye nyuzi kutoka kwenye ndoo ya gereji. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu, na si kwa bomba la kurefushia spana. Ukifika kwenye kipimo cha nati ya shina na tundu la koti pini halijalingana, endelea kukaza hadi lilingane, bila kuzidi sehemu ya sita ya mzunguko. Usilegeze nati kurudi nyuma ili pini iingie. Kisha weka koti pini mpya na uikunje.

Yapo mambo ya nje yanayoua bolijointi mpya, na mteja anapaswa kuyajua ili asiilaumu chapa. Shokapu zilizokufa huacha kila pigo lifike kwenye gololi bila kupunguzwa. Ukifunga bolijointi halisi kwenye gari lenye shokapu za mbele zinazovuja, umemuuzia mteja nusu ya kazi. Kuinua gari kwa vipande vya kuongeza urefu wa springi hubadilisha pembe ya wishiboni, na bolijointi ya juu huishi karibu na mwisho wa mzunguko wake huku mpira ukivutwa upande mmoja. Tairi kubwa zinazochomoza nje ya mudigadi huongeza mkunjo kwenye kila pigo. Anayetaka gari la juu na tairi pana aambiwe mapema kwamba bolijointi zake zitakaguliwa mara mbili zaidi.

Halafu kuna kuosha. Kwenye sehemu nyingi za kuoshea magari, vijana hupuliza dizeli au mafuta ya taa chini ya gari ili tope litoke na chuma king'ae. Mafuta hayo hulegeza na kuvimbisha mpira, na baadaye unakauka na kupasuka. Mpira wa bolijointi, bushi, mipira ya sivi jointi, vyote vinaumia pamoja. Maji ya presha nayo, bomba likielekezwa karibu kabisa na mdomo wa mpira, hupenya pale ambapo vumbi lilishindwa. Mwambie mteja aombe maji ya kawaida na sabuni, na tope lililoganda karibu na bolijointi litolewe kwa mkono.

Ukimaliza kufunga, shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma likae kwenye springi zake, kisha lipeleke kwenye alaimenti siku hiyohiyo. Mkono wa tairodi uko kwenye kipande ulichobadilisha, kwa hiyo uelekeo wa magurudumu hauwezi kuachwa kwa makadirio. Tairi mpya zinaweza kuliwa upande wa ndani kwa safari moja tu ya mkoani. Mpe mteja zile za zamani mkononi azione, andika tarehe na kilomita kwenye karatasi na kuibandika chini ya boneti, na umwombe arudi baada ya wiki moja au mbili. Akirudi, pitisha spana ya kupimia kwenye zile bolti nne za kila upande, tazama koti pini, na uibonyeze mipira kwa kidole. Hiyo haitozwi.